Matembezi ya Katekista: Nyumba ya Atiman na Majumba ya Kale ya Dar es Salaam



Mwezi huu nataka kuwapeleka Dar es Salaam, wala si sokoni wala si pwani kuoga, bali katikati ya mji, kule wanakokuita Posta na Kivukoni, mahali ambapo watu huenda kwa haraka kutafuta fedha na kurudi kwa haraka zaidi. Lakini kabla ya kuanza imenipasa kuungama kosa langu, maana bila ya kosa hilo nisingaliyaandika haya.

Nilikuwa nimewachukua watoto 23 wa mafundisho ya kipaimara, pamoja na mwalimu mwenzangu wa kike, ili wakalione kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tulipokuwa tukipita Barabara ya Sokoine, watoto wakasimama mbele ya nyumba moja ya kale. Bawabu akatuambia kwa upole, "Hii ndiyo Nyumba ya Atiman." Mtoto mmoja, mdogo kuliko wenzake wote, akaniuliza, "Mwalimu, Atiman ni nani?" Nami, niliyepita mbele ya nyumba ile kwa muda wa miaka 15 na zaidi, mara nyingine nikiwa na mzigo wa vitabu kichwani, sikutaka kuonekana mjinga mbele ya watoto. Nikajibu, "Alikuwa padre Mzungu wa zamani." Mtoto akainama, akaliandika jibu langu katika daftari yake kwa wino.

Jumapili iliyofuata nikaisimulia safari ile barazani baada ya Misa. Alikuwapo bibi mmoja mwenye umri wa miaka zaidi ya 80, mzaliwa wa Karema, katika ufuko wa Ziwa Tanganyika. Aliposikia jibu langu akacheka hata akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Akasema, "Mwanangu, umempaka chokaa mtu wa watu! Atiman alikuwa mweusi kama wewe na mimi, naye alikuwa katekista kama wewe. Mama yangu alipougua alipelekwa kwake. Mimi mwenyewe nilimwona nilipokuwa mtoto." Nikamwambia, "Bibi, nisamehe." Akanijibu, "Mimi huna deni kwangu. Kawaambie watoto."

Basi, nikaanza kusoma na kuulizauliza, na baada ya majuma mawili nikawachukua watoto wale wale mara ya pili. Safari hiyo ya pili ndiyo ninayowasimulia.

Tulianzia kwenye stesheni ya kale ya reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa hapo na Wajerumani mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, karibu na siku za vita kuu. Leo watu wa Morogoro na Dodoma wengi hupanda treni ya umeme iliyoanza kazi mwaka 1024 na elfu moja zaidi, yaani 2024 (hivyo ndivyo nilivyowatania watoto wa hesabu), na stesheni yake mpya ina umbo kama jiwe la tanzanaiti. Watoto waliipenda zaidi hiyo mpya. Sikuwalaumu.

Kutoka hapo tukafuata barabara ya bandarini hata Boma la Kale, lililo ng'ambo ya mahali pa kupandia meli za Unguja. Hapa nitakawia kidogo. Boma hili lilijengwa mwaka 1867 katika siku za Majid bin Said, Sultani wa Unguja, aliyetaka kujifanyia mji mpya wa bandari kando ya kijiji cha Mzizima. Lilikuwa nyumba ya kuwapokea wageni wake. Majid akafa mwaka 1870, na ndugu yake Barghash aliyemrithi hakuupenda mradi ule, akauacha. Majengo mengi yakawa magofu, na jumba la Sultani mwenyewe limetoweka kabisa. Wajerumani walipokuja, wakaihamisha makao makuu ya Serikali yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakayakuta mabaki yale wakayatumia.

Ukuta wa Boma si wa matofali wala wa saruji. Ni mawe ya matumbawe yaliyochimbwa pwani, yakashikamanishwa kwa chokaa. Na chokaa yenyewe ni matumbawe vilevile: walipanga kuni nyingi kwa duara, wakaweka mawe juu yake, wakachoma usiku na mchana hata mawe yakawa unga. Mtoto mmoja akatia mkono dirishani ili apime unene wa ukuta, mkono wote ukaingia karibu na bega. Unene huo ndio uliowapa watu baridi mchana, kwa sababu joto la jua huchelewa kupenya. Kisha nikawaonyesha dari. Imebebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko haurefuki sana, chumba nacho hakiwezi kuwa kipana. Ndiyo maana nyumba za kale za pwani zina vyumba virefu vyembamba. Fundi hakuamua upana wa chumba; mti ndio ulioamua. Mlango wa mbele umechongwa kwa mtindo wa Unguja, nao peke yake unastahili safari. Tangu mwaka 2017 ndani ya Boma palifunguliwa maonyesho juu ya majengo ya mji, yaliyotengenezwa na wasanifu wa majengo wa nchi yetu.

Hapo ndipo mwalimu mwenzangu aliponiita kando. Ni mwanamke wa maneno machache, tena hanifichi neno. Akasema, "Mwalimu, niwie radhi. Tunawafundisha watoto kustaajabia nyumba za waliotutawala. Neno boma lenyewe kwa wazee wetu ni kodi na kiboko, ile hamsa ishirini. Sultani alikuwa na watumwa, Mjerumani alikuwa na kiboko, Mwingereza akaja na vibali vyake. Je, tuwaambie watoto kwamba ni pazuri?"

Wasomaji, sikuwa na jibu lililokuwa tayari. Aliyoyasema ni kweli. Katika siku za Majid kazi nzito ya pwani ilikuwa ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa ila mwaka 1873. Na katika siku za Wajerumani, mwaka 1897 ilitangazwa kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha alilipa kwa kazi ya mikono yake. Miaka hiyohiyo ndiyo ya majumba mengi tunayoyatazama. Nikamwambia, "Basi na tuwaambie watoto yote mawili, uzuri wa mlango na mkono uliochoma chokaa." Akanitazama, akasema, "Tutaona." Tukaendelea.

Si mbali na Boma ndipo ilipo Nyumba ya Atiman. Nayo ni ya siku za Majid, ya miaka ya 1860; husemwa kuwa ilikuwa nyumba ya wanawake wa Sultani. Mwaka 1922 ikauzwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, nao baadaye wakaipa jina la Adrien Atiman. Nikawakalisha watoto kivulini, nikamwita yule mdogo aje mbele na daftari yake, nikasema, "Juma lile nilikudanganya. Sikukusudia, lakini sikujua, na badala ya kusema sijui nikasema neno. Sasa sikilizeni."

Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 katika nchi ya mto Niger, upande wa Timbuktu, nchi iitwayo Mali leo. Angali mtoto akaibwa na watekaji, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Katika Aljeria Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha. Kardinali Lavigerie alikuwa na shauri la kuwasomesha vijana wa Kiafrika waliokombolewa wawe waganga na makatekista pamoja, ili waende kuwahudumia Waafrika wenzao. Akawapeleka Malta kusoma utabibu. Atiman alipomaliza masomo yake, akatumwa pamoja na msafara, akasafiri kwa miguu kutoka pwani yetu hii hata Karema, akafika mwaka 1889. Hakurudi kwao. Alioa huko, mwanawe Joseph akawa padre, naye akawatibu watu wa ziwa kwa miaka 67, katika ndui, malale, majeraha na kuzaa, mpaka alipokufa mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka kama 90.

Watoto walinyamaza. Kisha yule mdogo akauliza, "Basi nyumba hii ilijengwa na mwenye watumwa, na sasa jina lake ni la mtumwa?" Nikasema, "Ndivyo." Akauliza tena, "Atiman alilala humu?" Nikasema, "Hilo sijui." Nanyi walimu wenzangu mtajua jinsi neno hilo lilivyokuwa tamu mdomoni mwangu, ingawa ni neno dogo.

Kutoka hapo tukaingia kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Lilijengwa na Wabenediktini Wajerumani tangu mwaka 1897 hata 1902, kwa mtindo wa Kigothi, wenye madirisha yenye ncha juu na mnara mwembamba uliokuwa ukionekana na mabaharia kabla hawajaingia bandarini. Madirisha ya vioo vya rangi nyuma ya altare yaliletwa kutoka Ujerumani. Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa mkuu wa misioni hiyo, aliuawa mwaka 1905 katika siku za vita vya Maji Maji alipokuwa njiani kuelekea kusini. Watoto wa kipaimara walitaka kujua habari za madirisha, si za vita, nami nikawaacha watazame. Mwangaza wa saa nne ulipopita katika vile vioo, ukaangukia sakafuni mwekundu na wa samawati, na wawili wakaweka mikono yao ndani yake kana kwamba ni maji.

Leo mnara ule hauonekani mrefu tena. Karibu nao umesimama mnara wa Mamlaka ya Bandari wenye ghorofa zaidi ya 30, wote vioo. Nawaambia kweli, sikuuchukia. Lakini nilipoangalia juu shingo iliniuma, na nilipoangalia kanisa haikuniuma.

Mbele zaidi, mahali barabara inapopinda kufuata maji, pana kanisa la Walutheri la Azania Front, lililoanza kujengwa mwaka 1898 na kumalizika mwaka 1902. Ndugu zetu Walutheri wana haki ya kujivunia. Paa lake ni la vigae vyekundu, na mnara wake ni kama wa vijiji vya milimani kwao Ujerumani. Lakini mafundi hawakusahau kwamba hapa si Ujerumani. Juu ya madirisha wameweka vijipaa vidogo vya vigae, kama kofia, ili jua lisiingie ndani. Mwalimu mwenzangu aliwaagiza watoto wachore dirisha moja na kofia yake. Kisha aliwauliza, "Nyumbani kwenu juu ya dirisha pana nini?" Wengi wakajibu, "Hakuna kitu, Mwalimu, tuna feni." Akasema, "Na umeme ukikatika?" Wakacheka. Sisi tunaojenga nyumba zetu sasa, kwa bati tupu na madirisha makubwa ya vioo yanayotazama magharibi, tungeweza kujifunza neno moja kutoka dirisha lile.

Ng'ambo ya hapo, katika Barabara ya Kivukoni, zilipangwa ofisi za Serikali ya Wajerumani, zenye baraza pana za juu na za chini ili upepo wa bahari uzunguke nyumba nzima. Mbele kabisa ni Ikulu. Jumba la gavana wa Kijerumani lilipigwa kwa mizinga ya meli za Waingereza mwaka 1914, na Waingereza hao hao wakalijenga upya mwaka 1922. Hapo hatukukaribia. Walimu, angalieni sana: msipige picha Ikulu wala bandarini. Mtoto mmoja aliinua simu ya mwalimu wake mbele ya lango la ofisi fulani, na mlinzi akatufukuza kwa sauti iliyowatia watoto hofu hata kesho yake. Alikuwa na haki ya kukataza, ila sauti ile haikuwa lazima.

Hospitali ya Ocean Road, ya mwaka 1897, tuliiacha kwa sababu jua lilikuwa kali. Ilijengwa kwa ajili ya Wazungu peke yao. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao mjini, iliyotolewa kwa fedha ya tajiri mmoja Mhindi, Sewa Haji Paroo. Habari zake ni ndefu.

Basi tukakata kuingia Barabara ya Samora. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, Waingereza wakaiita Acacia Avenue, baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, na sasa Samora. Barabara moja, na kila mwenye kuishika huandika jina lake. Humo lilikuwamo jengo la kale la Salamander, ambalo wengi wa umri wangu walikunywa chai barazani pake. Katika karne hii likabomolewa, pakajengwa ghorofa nyingi, na kilichobaki ni jina tu, maana ghorofa hizo nazo zaitwa Salamander. Watu huniuliza, je, hakuna sheria? Ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo sharti yatangazwe na Waziri katika Gazeti la Serikali. Boma la 1867, kwa hesabu hiyo, lilichelewa kuzaliwa kwa miaka 4. Na kiwanja cha katikati ya mji kina bei ambayo ukuta wa matumbawe hauwezi kushindana nayo.

Tukafika kwenye Sanamu ya Askari, penye njia panda. Kabla ya vita kuu mji ulikuwa na sanamu nyingine: gavana Wissmann amesimama juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama. Waingereza wakaiondoa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Sanamu ya sasa, ya shaba, iliyochongwa na Mwingereza James Alexander Stevenson, iliwekwa mwaka 1927. Hapa askari amesimama peke yake, hana bwana juu yake, na singe ya bunduki yake inaelekea bandarini. Maandishi yaliyo chini yake ni ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, nayo huwataja askari Waafrika na wapagazi pia. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kambi yao mjini ilikuwa mahali tupaitapo Kariakoo, na hilo ndilo jina lao la Kiingereza, Carrier Corps, lililopita katika vinywa vyetu. Ila katika jiwe lile hamna jina la mpagazi hata mmoja.

Nilikuwa ninawaeleza watoto hayo, mwalimu mwenzangu akanigusa mkono. Akasema, "Niachie hapa mimi." Akasimama karibu na sanamu, magari yakizunguka pande zote, akawaambia watoto kwamba babu mzaa babu yake alichukuliwa kijijini kwao kubeba mizigo ya jeshi, akaenda, asirudi, wala kaburi halijulikani. Kisha akalitaja jina lake kwa sauti, akawaambia watoto walirudie. Watoto 23 wakalitaja pamoja. Watu waliokuwa wakipita wakageuka kutazama. Sitaliandika hapa, maana ni jina la nyumba yake, naye ndiye mwenye kulitoa.

Tuliporudi kwenye daladala nikamwuliza kama bado ananilaumu kwa kuwaonyesha watoto majumba yale. Akasema, "Mwalimu, mwaka ujao tuanzie kwenye sanamu, siyo stesheni." Nimekubali.

Kwa walimu wanaotaka kufanya safari hii: nendeni Jumapili baada ya Misa ya kwanza, au siku ya sikukuu, maana magari ni machache. Chukueni maji, na kofia kwa wadogo. Njia yote kutoka stesheni hata sanamu haimalizi saa tatu hata mkisimama sana. Ombeni ruhusa kabla ya kuingia ndani ya nyumba yoyote, na ulizeni mabawabu. Wengi wao wamekaa miaka mingi na wanajua mengi. Kila mtoto awe na daftari.

Nimeiona daftari ya yule mdogo. Jibu langu la kwanza amelipiga mstari mmoja tu, kwa hiyo bado linasomeka, na chini yake ameandika: "Atiman, katekista na mganga, Karema. Mwalimu alikosea." Nilimwomba afute sentensi ya mwisho. Alikataa, na mama yake akamwunga mkono.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima, nitawaletea habari za Sewa Haji na hospitali yake.